Kamera Iliona Mizoga, Haikuona Seng'enge



Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia baada ya Magharibi, simu mkononi. Alikuwa amewarekodi wavuvi wakilalamika kwamba samaki wamepungua, kiasi cha dakika arubaini hivi, na alitaka nimwambie afanye nini ili video yake iwe "dokumentari ya kweli", ya kuonyeshwa kwenye runinga. Nilimwomba anipe muda nimjibu kwa maandishi, kwani si yeye peke yake anayeuliza. Siku hizi vijana wetu wengi wana kamera mfukoni, na mambo ya kupiga picha hapa Pwani hayakosi: mikoko inakatwa, taka zajaa, watu wahamishwa ardhini mwao. Haya basi ndiyo majibu yake na yao.

Mfano wangu hautakuwa wa baharini. Utakuwa wa Kitengela na Kajiado, kwa Wamaasai. Huko ndiko nilikojifunza kazi hii, na nilijifunza kwa kukosea.

Kitengela ni wapi

Ukitoka Mombasa kwa basi la usiku, ukifika Athi River alfajiri kabla ya kuingia Nairobi, kuna barabara inayokata kushoto kwenda Namanga, mpakani na Tanzania. Mji mkubwa wa kwanza katika njia hiyo ni Kitengela. Ukiendelea utapita Isinya, halafu ufike Kajiado mjini, makao makuu ya kaunti. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kaunti ya Kajiado. Ya 2019 ilihesabu 1,117,840. Wengi katika walioongezeka ni wafanyakazi wa Nairobi na viwanda vya Athi River waliokuja kutafuta ploti ya kujenga au nyumba ya bei nafuu ya kupanga. Kitengela, iliyokuwa senta ndogo ya wafugaji, leo ina maghorofa, mabenki na msongamano wa magari unaoweza kukutoa machozi.

Kaskazini ya mji huo iko Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946. Ni mbuga ndogo, kilomita mraba 117 tu. Pande tatu zimezungushwa ua. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, uliachwa wazi kwa makusudi, kwa sababu wanyama hawakai mbugani mwaka mzima. Mvua zikinyesha, nyumbu na punda milia hutoka wakatawanyika katika nyika za Kitengela, na kiangazi kikizidi hurudi mbugani wanakopata maji. Simba huwafuata. Nyika hizo ni ardhi ya Wamaasai, na kwa miaka mingi ng'ombe na nyumbu walilisha pamoja.

Sheria ya 1968 ilizifanya ardhi hizo kuwa ranchi za vikundi, zikimilikiwa na wanachama kwa pamoja. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi zikaanza kugawanywa, kila mwanachama akapewa kipande chake na hatimiliki yake. Mwenye hatimiliki anaweza kuuza, na mnunuzi, kabla hajajenga hata choo, kitu cha kwanza anachofanya ni kusimamisha nguzo na kuvuta seng'enge. Watafiti waliokuwa wakiwahesabu nyumbu wa nyika hizo kwa ndege waliwakuta zaidi ya elfu ishirini mwishoni mwa miaka ya 1970. Kufikia 2011 walikuwa wamebaki elfu chache tu.

Nimeyaeleza haya kwanza kwa sababu siku ya mwanzo nilipopelekwa Kitengela na kamera, sikuwa nayajua.

Tulivyokosea

Ilikuwa 2022, wakati wa ukame mkubwa. Mvua zilikuwa zimekosekana msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020, na zikaendelea kukosekana hadi ikatimia misimu mitano mfululizo. Waliotutuma walitaka filamu ya nusu saa kuhusu ukame. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika simulizi ya Kiswahili na, kwa vile tulikuwa wachache, kushika maikrofoni.

Tulipelekwa hadi kwa mzee mmoja aliyepoteza karibu ng'ombe wake wote. Mizoga ilikuwa imelala nje ya boma, ngozi juu ya mifupa. Mzee alikuwa amevaa koti kuukuu na kofia ya mpira. Mwongozaji wetu alimwomba avue koti, avae shuka nyekundu, apite tena taratibu kando ya mizoga akiwa ameinamisha kichwa. Alipita mara tatu. Kisha tukamkalisha, tukamuuliza amepoteza ng'ombe wangapi. Alisita. Kwa Wamaasai, kutaja hesabu ya ng'ombe mbele za watu si jambo la kufanywa ovyo. Mwisho aliitaja. Halafu akazungumza kwa muda mrefu, akinyoosha fimbo yake kuelekea barabarani. Mkalimani alitupa muhtasari: anasema zamani walikuwa wakihama, sasa kuna mashamba ya watu. Mwongozaji akatazama saa. Jua lilikuwa limepanda, mwanga unaharibika. Tukamshukuru, tukaondoka.

Katika filamu iliyotoka, mzee anapita kando ya mizoga, mara moja tu, na sauti ya msimulizi yaitaja hesabu ya ng'ombe wake. Maneno yale niliyaandika mimi. Zile dakika za fimbo na barabara zilikatwa zote, kwa kuwa zilikuwa "maneno mengi".

Miezi kadhaa baadaye dereva wetu, kijana wa huko huko, alinipigia simu. Mzee alikuwa amekaa hotelini Kitengela akinywa chai, akajiona kwenye runinga, na watu waliokuwa pale wakamwona. Alikuwa hajui kabisa kwamba angeonyeshwa. Kwa vile tulifika na gari la watu waliokuwa wakishughulika na misaada, yeye alidhani sisi ni waandikishaji wa mifugo iliyokufa. Ndiyo maana alitaja hesabu. Ndiyo maana alivaa shuka na kupita mara tatu jua kali. Alikuwa akingojea majani ya ng'ombe waliosalia.

Wallahi, usingizi wa usiku ule ulinipita mbali. Dini yetu inatufunza kuihakiki habari kabla ya kuipokea, na inatufunza sitara, kwamba aibu ya Muislamu na ya jirani yako haitembezwi sokoni. Sisi tulikuwa tumefanya kinyume cha yote mawili, kwa vifaa vizuri.

Habari na makala si kitu kimoja

Nilirudi kwa yule mzee baada ya mvua. Nilichukua sukari na majani chai, kama wanavyofanya wageni huko, na sikuchukua kamera. Nilimwamkia kwa salamu yao, "Sopa", akaitikia "Ipa", kisha akanyamaza nikasema niliyokuja kusema. Hakunigombeza. Alisema, "Ndugu yangu wa Mombasa, mlichukua ng'ombe wangu waliokufa, mkaiacha hiyo seng'enge iliyowaua." Akainuka, akaniambia nimfuate.

Tulitembea saa mbili. Alinionyesha mahali ambapo katika kiangazi cha ujana wake walipita na ng'ombe kuelekea vilima, na pale njia inapokatika leo: ua wa mtu wa Nairobi, ua wa kiwanda cha matofali, ua wa mtu ambaye hakuna anayemjua, nyasi ndani zimefika magotini na hakuna mnyama wa kuzila. Halafu akanionyesha kipande alichokiuza yeye mwenyewe. Mwaka ule wa ukame karo ya binti yake ilikuwa imekwama, ng'ombe wa kuuza hakuna, akauza ekari. Mnunuzi akavuta seng'enge.

Hapo ndipo nilipofahamu kazi yetu ni nini. Habari ya saa moja jioni husema jambo lililotokea: ng'ombe wamekufa, simba wameuawa, mafuriko yameingia. Filamu ya makala husema kwa nini, na nini kitafuata. Mvua ikikosa, mfugaji huhama. Akizuiwa na seng'enge, ng'ombe hufa. Ng'ombe wakifa, karo hukosekana. Karo ikikosekana, ekari huuzwa. Ekari ikiuzwa, seng'enge huongezeka, na ukame ujao huikuta njia imekuwa nyembamba zaidi. Hapo jambo la mazingira na jambo la jamii haliwezi kutenganishwa, kwani ua ni ule ule na mwenye kuumia ni yule yule.

Tatizo ni kwamba mzoga unaonekana na mnyororo hauonekani. Kamera hupenda kilicho mbele yake. Kazi ya mtengenezaji wa makala ni kukifanya kisichoonekana kionekane, na hilo haliji kwa kamera ghali. Huja kwa hatua nitakazozieleza sasa.

Kwanza, utafiti bila kamera

Nenda mikono mitupu. Kaa, kunywa chai, uliza. Kisha nenda ofisini. Kwa Kitengela, ofisi iliyotusaidia kuelewa mambo haikuwa ya wanyama wala ya mvua. Ilikuwa ni kukaa siku nzima nje ya ofisi za ardhi Kajiado mjini, kutazama nani anaingia na bahasha ya kahawia, nani anatoka na dalali. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaeleza namna ya kuziomba. Andika barua, weka nakala. Barua isiyojibiwa nayo ni sehemu ya hadithi.

Usiende kutafuta uthibitisho wa ulichokwisha kukiamini ukiwa Mombasa. Kule Kitengela wengine waliniambia kuuza ardhi kumewasomeshea watoto na kuwajengea nyumba ya mawe, na hawajuti. Mnunuzi wa ploti naye si adui. Ni mwalimu au askari aliyechoka kupanga. Filamu isiyo na watu hawa ni hotuba.

Pili, tafuta mtu, usitafute mwathiriwa

Watazamaji hawafuati takwimu, humfuata mtu anayetaka jambo fulani na anayezuiwa na jambo fulani. Kitengela wana mfano wenye sifa duniani. Richard Turere alikuwa mtoto wa kuchunga ng'ombe karibu na ile mbuga, na simba walikuwa wakiingia zizini usiku. Akiwa na miaka kumi na mmoja aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, kidude cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, akaziunganisha zimulike kwa kupokezana. Simba wakaacha kuja bomani mwao. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la TED Marekani akaeleza.

Kwa nini watu waliipenda hadithi ile? Kwa sababu kijana yule hakuletwa kuliliwa. Alikuwa na akili na tatizo. Mwaka mmoja kabla, Juni 2012, simba sita waliuawa kwa siku moja hapo hapo Kitengela baada ya kuvamia mbuzi wa watu. Picha za simba wale zilisambaa duniani kote, na wengi walimaliza habari ile wakiwa na hasira kwa Wamaasai, bila kujua chochote kuhusu nyika iliyokuwa ikigawanywa. Mambo haya mawili yametoka mahali pamoja. Moja lilimpa mtazamaji jambo la kufikiri, jengine lilimpa mtu wa kulaumu.

Tatu, ruhusa

Nitaanza na ruhusa za serikali. Kurekodi filamu kwa ajili ya umma Kenya kunatakiwa leseni kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, sheria ya zama za kikoloni ambayo bado inatumika. Ukitaka kuonyesha, kuna Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Ndani ya mbuga lazima uwe na kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS, na ulipe. Droni ni shughuli ya mamlaka ya usafiri wa ndege, na kuirusha juu ya mbuga bila idhini kutakupotezea droni na pengine siku kadhaa za maisha yako.

Lakini ruhusa kubwa ni ya yule unayempiga picha. Karatasi ya kutia sahihi haitoshi kama hajui imeandikwa nini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema idhini iwe ya hiari na mtu awe ameelezwa itatumika kwa nini. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayeridhia. Mimi sasa huanza hivi: namwonyesha mtu filamu nyengine kwenye simu, namwambia, "Utaonekana hivi, na jirani yako ataona, na mkweo ataona. Sikuletei msaada, na ukikataa hakuna utakachokosa." Kisha naondoka, narudi siku ya pili kusikia jawabu. Wapo waliokataa. Waliokubali, walikubali kweli.

Je, tuwalipe? Ushuhuda haununuliwi, kwa sababu anayelipwa kulia atalia. Lakini mtu akiacha kazi yake siku mbili kwa ajili yako, kumfidia siku zake ni haki. Lifanye waziwazi, na lisitegemee atakachosema.

Nne, picha na sauti

Mwanga mzuri ni wa saa moja na saa mbili asubuhi, na wa kuanzia saa kumi na moja jioni. Mchana wa nyika za Kajiado jua humwagika moja kwa moja kutoka juu, nyuso huwa na vivuli vya macho kama mafuvu. Mchana sisi tulisali Adhuhuri chini ya mgunga, tukala, tukapanga ya jioni.

Vijana wengi hununua kamera nzuri na kusahau sauti. Nyika ina upepo. Maikrofoni bila kifuniko cha manyoya itakupa mngurumo mtupu, na mtazamaji husamehe picha mbaya lakini hasamehi sauti mbaya. Tulipokwenda mara ya pili nilirekodi sauti peke yake, bila picha: kengele za ng'ombe asubuhi, malori ya Namanga, seng'enge inavyolia upepo ukipita. Ile sauti ya seng'enge ilifanya kazi ambayo simulizi yangu ya aya nzima isingeweza. Niliifuta aya.

Na usimwambie mtu arudie maisha yake kwa ajili yako. Kama mzee amevaa koti, mpige picha na koti. Kama ana simu, aonekane na simu. Ukimvisha shuka ili aonekane "Mmaasai halisi", umeanza uongo kabla hujabonyeza kitufe. Sisi Waswahili twaujua uchungu huu, sisi ambao kila kamera inayokuja Lamu hutafuta punda, jahazi na mwanamke wa buibui, kana kwamba hatuna kodi za kulipa wala mitihani ya watoto.

Tano, lugha

Yule mkalimani wetu wa kwanza alitupa muhtasari, na ndani ya muhtasari ndimo hadithi ilimozama. Mara ya pili tulilipa mtu atufasirie kila neno, kwa maandishi. Hapo nikajua kwamba neno tulilolipokea kama "nyasi" lilikuwa olopololi, yaani malisho yaliyotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa, yasiyoguswa hadi shida izidi. Mzee hakuwa akisema nyasi zimekwisha. Alikuwa akisema tumefika mpaka kwenye akiba ya ndama. Tofauti ni kubwa mno.

Katika filamu tuliiacha sauti yake ya Kimaasai isikike, na Kiswahili kikaandikwa chini ya picha. Kumfunika mtu kwa sauti ya msimulizi ni kumwondoa katika nyumba yake.

Sita, uhariri

Kwa nafasi ya nusu saa, filamu yenyewe ni kama dakika 24 hadi 26, kinachobaki ni matangazo ya biashara. Utakuwa na masaa mengi ya picha, na karibu yote yatatupwa. Hapa ndipo ukweli wa filamu unapoamuliwa, chumbani, mtu hayupo wa kujitetea. Jiwekee kanuni moja: kabla ya kukata, uliza je, mwenyewe akikaa hapa ataitambua kauli yake? Ukichukua nusu ya sentensi ya mtu, hakikisha si ile nusu inayokufaa wewe.

Tuliona pia haja ya kutaja waliojaribu kutatua. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela waiache wazi: dola nne za Kimarekani kwa ekari kwa mwaka, ambazo wakati mmoja zilikuwa kama shilingi 300, zikitolewa kwa awamu tatu kufuata mihula ya shule. Mwenye ardhi aliahidi kutoweka ua, kutouza wala kuchimba mawe. Aliyebuni kulipa wakati wa karo aliuelewa mnyororo. Lakini linganisha shilingi 300 za ekari na bei ya ploti moja Kitengela, nawe utaona kwa nini seng'enge ziliendelea kuvutwa. Filamu inayosema "suluhisho lipo" bila kuweka hesabu hizi mbili bega kwa bega inamdanganya mtazamaji.

Saba, rudisha

Filamu ya pili tuliionyesha kwanza bomani, kwenye shuka jeupe, kwa jenereta ya kukodi, kabla ya kuipeleka popote. Walikuja majirani, na alikuja mmoja wa walionunua ardhi. Mzee alitazama hadi mwisho akiwa amevaa koti lake. Binti yake aliomba tuondoe sentensi moja iliyogusa mambo ya nyumbani kwao. Tuliiondoa. Baada ya hapo watu wakaanza kubishana, si juu ya filamu, juu ya njia: kama wenye ploti tano zinazopakana wangerudi nyuma hatua chache, ng'ombe wangeweza kupita hadi mtoni. Walibishana mpaka jenereta ikaishiwa petroli. Sijasikia kwamba walikubaliana.

Sitaki kukudanganya kwamba filamu hung'oa nguzo. Mkenya mwenzetu Mohamed Amin alipiga zile picha za njaa ya Korem, Ethiopia, zilizorushwa na BBC Oktoba 1984 pamoja na taarifa ya Michael Buerk, na dunia nzima ikachanga. Watu wengi waliponea kwa picha zile. Hata hivyo wengi waliozitazama walibaki wakiamini njaa ile ilikuwa ya mvua peke yake, wakati vita na siasa za serikali ya wakati huo vilikuwa na mkono mkubwa. Hata kwa bingwa kama yule, mzoga ulionekana na mnyororo ukabaki nyuma.

Hapa kwetu tuna Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha risasi za betri kuukuu kiliwaathiri wakaazi. Phyllis Omido, aliyepewa tuzo ya Goldman mwaka 2015, na wenzake walionekana sana kwenye kamera. Lakini mwaka 2020 mahakama ilipoamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na Mahakama ya Juu ilipolirudisha agizo hilo Desemba 2024 baada ya rufaa, kilichosimama mbele ya majaji ni vipimo vya damu, barua na leseni. Filamu ilisaidia watu wasisahaulike wakati karatasi zikifanya kazi yake. Hilo ni jambo kubwa, na ndilo tunaloweza kuahidi bila kusema uongo.

Basi, mwanangu uliye na dakika arubaini za wavuvi: umewarekodi wakisema samaki wamepungua. Rudi kwao bila simu. Waulize walikuwa wakivua wapi na nini kinawazuia leo kufika huko, nani ana karatasi ya ufuo, bei ya petroli ya boti ni ngapi, na karo ya watoto hulipwaje mwezi wa bahari chafu. Waambie wazi video itakwenda wapi. Kisha tafuta seng'enge yao. Bahari nayo ina yake, ila haionekani kwa macho.

Yule mzee aliniomba nakala ya filamu nami nikampelekea kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia. Nilimuuliza ataitazamia wapi. Akasema ataipeleka ile hoteli ya Kitengela, waliomwona mara ya kwanza wamwone tena.